Kaiti juu ya shamba la mwani: kisa cha asubuhi moja ya bamvua Paje

Kisa hiki kilitokea Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mwezi wa Julai, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mgeni mmoja alikuwa akiendesha kaiti, yaani tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao majini. Ilipomwangukia juu ya shamba la mwani alijaribu kuinyanyua, na kamba zake zikazoa safu tisa za mwani na kumchana mkono mama mmoja aliyekuwa ameinama akifunga mbegu. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ufukweni siku ile. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikifundisha kaiti, na mama yangu mzazi alinisomesha kwa mwani uliovunwa katika bahari hiyohiyo.

Naandika kwa sababu kisa hiki kinasimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili zina makosa. Huku kijijini wanasema mgeni alikuwa mzembe. Kwenye migahawa ya wageni wanasema akina mama wamezidi kuchomeka vigingi vya kufungia kamba za mwani kila mahali. Mgeni yule hakuwa mzembe. Na vigingi vilikuwepo miaka mingi kabla ya kaiti ya kwanza kuonekana juu ya anga ya Paje: kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa na kwa majirani zetu wa Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kaiti zilikuja baadaye, miaka ya 2000.

Kwanza nieleze maji yenyewe, maana bila hayo kisa hakieleweki.

Mwamba wa Paje umelala mbali, kiasi cha kilomita moja na zaidi kutoka ufukweni, na ndio unaovunja mawimbi makubwa. Kati ya mwamba na ufukwe kuna uwanja mpana wa maji tulivu, chini mchanga na majani ya bahari. Katika bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo bahari hujaa na kutoka kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Maana yake ni kwamba palepale ambapo saa kumi jioni mtu mzima anaogelea, saa nne asubuhi mtoto anaokota makombe. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana, bahari haijai sana wala haitoki sana.

Mwani unapenda hapo katikati. Vigingi huchomekwa mahali ambapo maji hayakauki kabisa siku za kawaida, ili mwani usiungue na jua, lakini mahali ambapo siku za bamvua mama anaweza kufika kwa miguu na kufanya kazi maji yakiwa magotini. Mahali pa namna hiyo si pengi. Chini lazima pawe na mchanga unaoshika kigingi, mkondo upite wa kutosha kuusafisha mwani, lakini usiwe mkali wa kuukata.

Na kaiti nayo inapenda hapohapo. Ubao wake una mapezi mafupi, sentimita nne au tano tu, kwa hiyo maji ya magotini yanamtosha aendeshaye. Ndiyo tofauti yake kubwa na ubao wa tanga, ule wenye mlingoti, ambao pezi lake linaweza kufika sentimita 30 na zaidi na linahitaji kina. Mwenye ubao wa tanga akiona maji yanapwa hutoka mwenyewe, pezi likianza kukwaruza mchanga. Mwenye kaiti haambiwi kitu na ubao wake. Anaweza kuendelea kuteleza mpaka maji yafike chini ya goti, na raha inazidi, kwa sababu maji haba huwa laini kama kioo. Watu wengi wanadhani ugomvi wa Paje ni wa utalii na kilimo, au wa wageni na wenyeji. Mimi naona ni kazi mbili zinazotaka kina kilekile cha maji.

Sasa siku yenyewe.

Kusi ilikuwa katika nguvu zake. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo huo hutupitia ubavuni: ukisimama ufukweni ukaitazama bahari, unakujia kuliani, kutoka upande wa Jambiani, na kukupeleka Bwejuu. Kwa kawaida asubuhi huwa bado unajinyoosha, unapata nguvu mchana. Siku ile uliamka mapema. Programu ya hali ya hewa kwenye simu ilitabiri kilomita 28 kwa saa. Saa mbili u nusu asubuhi, kipimo chetu cha mkononi kilisoma 28 kweli, na minazi ilikuwa imeshalaza makuti upande mmoja.

Mgeni alikuwa Mjerumani wa makamo, mtu wa kilo kama themanini, mwenye kaiti yake mwenyewe ya mita za mraba 12. Hakuwa mwanafunzi. Alikuwa ameshaendesha katika nchi kadhaa na alijua kusimama, kugeuka na kurudi kuelekea unakotoka upepo. Aliniuliza kama anaweza kuingia. Nilikagua kamba zake, nikajaribu kifungo chake cha dharura, kile kinachoiondolea kaiti nguvu kikivutwa, kikafunguka vizuri. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Usiende mbali sana kaskazini, kuna mwani." Akatikisa kichwa, akaingia.

Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi. "Mbali sana" ni wapi? Mimi nina mti wangu mkubwa wa mvinje na ukuta wa jiwe ninavyopimia, vitu nilivyovijua tangu utotoni. Yeye alikuwa na bahari nyeupe mbele yake, isiyo na alama hata moja.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Usiku wa kuamkia siku ile nilirudi nyumbani bila tochi, mwezi umewaka hata kivuli changu nakiona mbele yangu mchangani. Mtu aliyezaliwa Paje akiona mwezi wa namna ile anajua bila kuambiwa: kesho ni bamvua, maji yatapwa saa nne kwenda saa tano, akina mama watashuka. Nilijua. Asubuhi nikatazama upepo, nikatazama kaiti, nikatazama mgeni, sikuitazama bahari. Nimefundishwa kazi hii kwa vitabu vya Ulaya ambavyo ukurasa wa kwanza ni upepo, nami nikaiweka elimu ya mama yangu pembeni.

Mgeni alipoingia, shambani kulikuwa na maji ya kifuani. Vigingi vilikuwa chini kabisa, havionekani. Alipita juu ya shamba mara mbili, naye alinieleza baadaye, na hakugusa kitu. Hapo ndipo alipojifunza, kwa macho yake mwenyewe, kwamba pale ni salama. Kati ya saa mbili u nusu na saa nne na robo maji yalishuka karibu mita moja. Mahali palepale, mtu yuleyule, kaiti ileile, na somo alilolipata saa tatu kasoro likawa si kweli tena saa nne.

Akina mama walianza kushuka yapata saa tatu u nusu, polo vichwani, mafungu ya taitai, nyuzi za kufungia mwani, viunoni. Nadhani walikuwa saba au wanane. Kutoka ufukweni wanaonekana kama nukta, wameinama, na anayeinama kufunga mwani hatazami angani. Mikono yote miwili ina kazi: mmoja unashika kamba, mwingine unapitisha taitai na kukaza fundo, kisha hatua moja, fundo jingine.

Upepo nao ulikuwa umepanda. Saa nne kipimo kilisoma 37. Kwa mtu asiyefanya kazi hii, kutoka 28 mpaka 37 ni nyongeza ndogo. Lakini nguvu ya upepo haipandi kwa hesabu ya kuongeza, inapanda kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo wenyewe. 37 kwa 37 ukilinganisha na 28 kwa 28, unapata nguvu iliyoongezeka kwa karibu robo tatu nzima. Kaiti ya mita 12 iliyomfaa saa mbili u nusu ilikuwa sasa inambeba kuliko anavyoibeba. Kwa uzito wake na upepo ule, tisa ingemtosha.

Saa nne na robo ubao wake uligonga fungu la mchanga. Niliona kwa macho yangu, lakini nilikuwa mbali mno hata kuita. Alianguka kifudifudi, na kama kila mtu anavyofanya akianguka, aliung'ang'ania mpini wa kuongozea kaiti na kuuvuta kwake. Kuvuta mpini ni kuipa kaiti nguvu. Ikapiga mbizi, ikashuka moja kwa moja majini, mita 25 na zaidi kaskazini yake, katikati ya shamba.

Hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapomhukumu mgeni kimakosa. Yeye mwenyewe hakuwa ndani ya shamba. Alikuwa nje, upande wa goshini, yaani unakotoka upepo. Ila kaiti haikai alipo mtu, siku zote iko demanini kwake, upande unakokwenda upepo, urefu mzima wa kamba. Nahodha wa ngalawa anayajua maneno haya mawili kabla hajaota ndevu, goshini na demanini, na anajua kwamba kila kitu kinachoanguka kitaangukia demani. Kwa hiyo umbali wa usalama haupimwi kutoka kwa mtu, unapimwa kutoka mahali kaiti yake itakapoangukia, na inayoburutwa huenda mbele zaidi. Kanuni ya kazi yetu ni urefu wa kamba mara mbili, karibu mita 50, pasiwe na mtu wala kitu upande wa demanini. Mimi ninayeifundisha kanuni hiyo kila wiki sikuwa nimemwonyesha pa kuanzia kuhesabu.

Baada ya kuanguka alifanya kilichoandikwa katika kila kozi: akavuta kamba moja ya nyuma ili kaiti igeuke na kuinuka. Bahari ikiwa tupu, hilo ndilo jambo sahihi. Juu ya vigingi ndilo jambo baya kuliko yote. Kamba za kaiti ni nyembamba, unene wake haufiki wa njiti ya kiberiti, na kila moja hubeba zaidi ya kilo 200 kabla ya kukatika. Zilikuwa zimelala juu ya safu za mwani, zimezunguka vigingi. Kaiti ilipogeuka na kushika upepo, kamba zikakazana zote kwa pamoja. Vigingi viking'oka vinatoa mlio mdogo chini ya maji, kama mtu anayevunja vidole, na akina mama waliusikia kabla hawajaona kitu. Mama aliyekuwa karibu aliinua mkono kuukinga uso. Kamba ilimpita juu ya kigasha, kutoka kifundo cha mkono kwenda kwenye kiwiko.

Alipiga ukelele. Mgeni alisikia, akavuta kifungo cha dharura, kaiti ikalala papo hapo kama kitambaa. Kifungo kilifanya kazi yake barabara. Kilivutwa tu sekunde tatu au nne baadaye kuliko ilivyopaswa.

Nikakimbia. Na hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka siku ile: boti yetu ya uokoaji ilikuwa imelala ubavu mchangani. Saa ya maji kupwa, hakuna boti ya injini inayoelea ndani ya mwamba. Mpango wetu wote wa uokoaji, uliobandikwa ukutani na picha ya boti, ulikuwa mpango wa saa ya maji kujaa. Nilikwenda kwa miguu, nusu nakimbia nusu naanguka, na ukikimbia katika maji ya magotini unajua jinsi mita mia nne zinavyokuwa ndefu.

Nilipofika, wenzake walikuwa wameshamfunga mkono kwa kipande cha leso. Damu ilikuwa imepenya. Nilimjua: ni rika la mama yangu, walikuwa wakishuka pamoja. Nikamwamkia, maana sikujua niseme nini kingine.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kamba ngapi zimeng'oka?"

"Bi mkubwa, tutazame mkono kwanza."

"Mkono nauona. Kamba ngapi? Maji yanarudi hayo."

Kaiti ilikuwa pembeni, imejaa maji. Kwenye kamba zake mafungu ya mwani yalikuwa bado yananing'inia, ya kahawia yenye wekundu, kila fungu na fundo lake la taitai halijalegea. Alilishika moja kwa mkono mzima, akalipima kwa kiganja. "Hili lina siku thelathini na moja," akasema.

Alishonwa nyuzi tano kwenye kituo cha afya. Namshukuru Mungu kamba ilipita juu ya mkono, haikupita juu ya shingo.

Mgeni alibaki baharini. Jambo hili halisimuliwi, nami nataka liandikwe. Wakati mimi nampeleka mama kituoni, yeye alikunja kaiti, akaiweka juu ya fungu la mchanga na mawe juu yake, akarudi kuokota mwani pamoja na wale wanawake mpaka maji yalipowafika kiunoni. Hawakuelewana lugha. Walimwonyesha kwa vidole.

Malipo yalituchukua siku tatu, na nililojifunza hapo limenibadilisha zaidi kuliko ajali yenyewe.

Jioni ileile mgeni alitoa dola, nyingi kwa macho ya mtu wa kawaida, akataka amkabidhi mama mkononi. Mama alikataa. Hakukataa kwa hasira. Alisema hajahesabu bado, na mtu hapokei malipo ya kitu ambacho hakijahesabiwa. Tukakutana siku ya pili barazani kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu: yeye, mwanawe mkubwa, mgeni, mwenye skuli yetu ya kaiti na mimi kama mkalimani.

Mwenye skuli alianza na hesabu rahisi. Kamba tisa, kila kamba kilo kadhaa za mwani mbichi, kilo saba mpaka kumi za mbichi zikikauka zinabaki kilo moja, bei ya kilo moja kavu inajulikana. Ukipiga hivyo unapata fedha ya kusikitisha, haitoshi hata chakula cha jioni cha wageni wawili. Akaisema kwa sauti, na nikaona aibu kuitafsiri.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akahesabu yake, kwa vidole vya mkono mzima. Kamba zenyewe na vigingi. Mbegu, kwa sababu mwani unapovunwa sehemu yake hurudishwa kamba kuwa mbegu ya mzunguko unaofuata, kwa hiyo aliyepoteza mwani wa siku 31 amepoteza mavuno na mbegu pamoja. Siku ambazo hatoshuka kwa ajili ya mkono. Halafu akataja kitu ambacho hakuna mmoja wetu aliyekuwa amekifikiria.

"Na bamvua," akasema.

Akaeleza. Mwani huchukua kama wiki sita kukomaa, yaani bamvua tatu. Kufunga upya safu tisa hakuwezi kufanyika siku yoyote, kunafanyika siku chache tu za bamvua, maji yakitoka ya kutosha. Nyuzi za mkono zitatolewa baada ya siku kumi. Akipona, bamvua hii itakuwa imeshapita. Bamvua ijayo ndiyo atakayofunga, na kuanzia hapo ahesabu bamvua tatu nyingine. Kwa hiyo kilichopotea si kilo, ni karibu miezi miwili ya safu tisa.

Sheha alinyamaza kidogo, akasema hesabu ya bi mkubwa ndiyo hesabu. Mgeni alipoelezwa aliikubali bila kupunguza hata senti, na mwenye skuli, kwa heshima yake, alilipa nusu ya malipo yote kwa kukiri kwamba mtu wake wa zamu ndiye aliyemruhusu. Mtu huyo wa zamu ni mimi. Hakunikata mshahara, lakini nilitoa changu pia, kwa mama, nyumbani kwake, si mbele ya watu.

Sasa hukumu yangu kama mtu wa kazi.

Mgeni alikosa mambo mawili: alibaki na kaiti kubwa upepo ulipopanda, na alijaribu kuinyanyua kaiti badala ya kuifungua. La kwanza ni kosa la kila siku, walio wengi hulifanya na hurudi salama. La pili ni kosa la kutojua, maana hakuna aliyemwambia kwamba juu ya vigingi kanuni inageuka: kaiti ikianguka shambani, vuta kifungo cha dharura hapohapo, kisha tembea ukaichukue kwa mkono. Mama hakukosa kitu. Uzito wa kisa uko kwetu sisi skuli za kaiti, tunaopanga siku kwa upepo peke yake, katika bahari inayoendeshwa na mwezi.

Wenzangu wengine wananiambia akina mama wasogezwe, wapewe sehemu nyingine mbele zaidi. Wanaosema hivyo hawajashuka nao. Mbele zaidi ni kina, na wengi wa wanawake hawa hawajui kuogelea. Wengine wanasema mwani wenyewe unakufa, bei mbaya, maji yamepata joto. Ni kweli maji yamepata joto, na ule mwani mnene wa kotonii uliokuwa na bei nzuri uliwafia kwa maradhi, wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Ni kweli pia mashamba ya Paje leo ni machache kuliko nilipokuwa mtoto. Lakini kazi ya mtu ikiwa ngumu haimaanishi kwamba maji yake ni ya yeyote. Fedha ya mwani ndiyo iliyowafanya mama zetu, kwa mara ya kwanza, washike shilingi isiyopitia mkono wa mwanamume. Mimi ni ushahidi wa fedha hiyo.

Na tunachoombwa ni kidogo. Nilikaa na kalamu. Bamvua mbili kwa mwezi, kila moja siku tano za maji kutoka vizuri, kila siku saa tatu za kazi shambani. Ni saa 30 kwa mwezi mzima, na ni asubuhi, wakati ambao kusi kwa kawaida bado haijakamilika. Maji yakijaa mchana, tuna bahari yote mpaka magharibi.

Tulichobadilisha ni hiki. Siku za bamvua, kabla ya saa saba mchana, hakuna kaiti kutoka skuli yetu inayovuka mvinje ule mkubwa kuelekea kaskazini. Mgeni haambiwi "mbali sana", anapelekwa kwa miguu akauguse mti. Tuliweka maboya manne mwanzoni mwa mashamba, mita 60 upande wa goshini, ili kaiti ikianguka iangukie maji matupu. Mpango wa uokoaji una kurasa mbili sasa, ya maji kujaa yenye boti, na ya maji kupwa yenye mtu anayesimama ndani ya maji, si ufukweni, na filimbi shingoni. Na kwenye ubao wa skuli, juu ya upepo, tunaandika mwezi wa mwandamo na saa ya maji kupwa.

Si yote yaliyokaa sawa. Maboya mawili yalichukuliwa na mkondo mwezi wa Agosti, tukayarudisha. Skuli nyingine mbili zimekubali kwa mdomo lakini wageni wao bado nawaona kule asubuhi za bamvua. Na wageni wanaokuja na kaiti zao bila kupitia skuli yoyote hawana wa kuwaambia, mpaka iwekwe sheria ya kijiji. Sheha amelipokea ombi letu. Bado tunasubiri.

Bamvua iliyofuata, mkono wake ukiwa na kovu jekundu lililonyooka kama uzi, bi mkubwa alipita skuli asubuhi na mapema kabla hajashuka. Wanafunzi walikuwa bado wanakunywa chai. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na polo lake, akautazama ubao, ambapo nilikuwa nimeandika maji kupwa saa nne na nusu.

"Saa nne na robo," akasema. "Sisi tutashuka saa tatu."

Nikafuta, nikaandika saa nne na robo.